Hatuachi Taa Inawaka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Saa nne na robo mume wangu amenipigia simu kusema mama yake anakuja kukaa kwetu mpaka macho yapone. Yeye mwenyewe ni mpima ardhi, wiki tatu kati ya nne yuko porini na vijiti vyake, kwa hiyo anayekaribishwa ni mama, na anayekaribisha ni mimi.

Lakini hilo silo lililonifanya ninunue daftari. Leo nimepewa kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Miaka sita nimechora majalada ya vitabu ambavyo hakuna anayevitazama, maana wateja wetu wanasikiliza tu. Kampuni yetu ina programu ya simu: unachagua kitabu, mtu anakusomea, wewe unaendelea na kufua nguo au kuendesha gari. Sasa Mkurugenzi anataka wasikilizaji waweze kujadiliana humo humo ndani. Aliuliza nani atasanifu chumba hicho cha mazungumzo, na mkono wangu ukapanda kabla akili haijashauriwa.

"Haya," alisema. "Tunakijaribu kwa watu mia mbili, kitabu kimoja. Mwisho wa Mei tunaangalia. Wakizungumza, kinabaki. Wasipozungumza, tunakifuta, na wewe unarudi kwenye majalada yako."

Mkurugenzi tunamwita Takwimu. Hata ukimwambia mgonjwa wako anaendelea vizuri, atataka kujua kwa asilimia ngapi.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe amefika. Jicho la kulia limefungwa bandeji baada ya kutolewa mtoto wa jicho, la kushoto litafuata Mei. Daktari amemkataza kusoma, kushona na kukodolea macho skrini. Kulalamika hakumkataza.

Nilipopokea simu mbele yake nikasema "Eh?", alinigeukia kwa jicho lake moja. "Mwanangu, ndivyo unavyopokea watu? Mtu amekutafuta, unamjibu kama umekanyagwa."

Alikuwa opereta wa simu miaka thelathini na moja, enzi za ubao wenye taa na waya za kuchomeka. Nadhani hadi leo anatuona sote kama laini zilizochomekwa vibaya.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Nimempa mama simu yangu ya zamani na ile riwaya tunayoifanyia majaribio, ili atulie. Hakutulia. Anabishana na kitabu kwa sauti.

Jumatatu, 17 Machi

Chumba changu kimefunguliwa leo, na kusema kweli ni kizuri. Pembe zimelainishwa, rangi ya kijani kibichi, visanduku vya maoni vimepangwa vizuri chini ya kila sura. Aliyekijenga ni fundi wetu wa programu, kijana mrefu tunayemwita Kimya. Kwa siku husema maneno matatu, na mawili kati ya hayo ni "sawa". Sijapata kumpenda. Nikimwonyesha mchoro anaangalia kama anayesubiri nitoke.

Alhamisi, 20 Machi

Maoni tisa. Manne ni ya watu wa ofisini. Moja linasema "asante". Moja limetoboa mwisho wote wa riwaya, kwenye sura ya pili! Nimelifuta kabla halijasomwa na wengi.

Takwimu amepita mezani kwangu. "Tisa kwa watu mia mbili," alisema. "Asilimia nne na nusu." Kana kwamba sikuwa nimepiga hesabu hiyo chooni.

Ijumaa, 21 Machi

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama mkwe alikuwa anaosha vyombo huku kitabu kinasoma, povu hadi viwiko.

"Mama, kwa nini huandiki maoni yako kwenye kile chumba?"

Akaniinulia mikono yote miwili, maji yakimchuruzika. "Niandike na nini? Na pua?"

Nimechora vile visanduku vyote kwa ajili ya watu wenye mikono mikavu. Anayesikiliza kitabu anasikiliza kwa sababu mikono ina kazi nyingine. Miaka sita ndani ya kampuni hii, na sikuliona hilo mpaka nilipoonyeshwa sabuni.

Jumatatu, 24 Machi

Kimya amekesha wikendi nzima bila kuombwa mara mbili. Sasa ni kitufe kimoja kikubwa: unagusa, unasema, unaachia. Sauti yako inakaa pale pale ulipofika kwenye kitabu, na mtu hawezi kusikia sauti ya sura ambayo hajaifikia. Watoboaji wa mwisho wamekwisha.

Sauti sitini na moja kwa siku moja! Nimepiga kelele ofisini. Takwimu ametoa kichwa mlangoni, akauliza kama kuna moto.

Jumatano, 26 Machi

Sauti ishirini na mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Saba.

Jumanne, 1 Aprili

Mbili, na moja ni mtu aliyekaa juu ya simu yake. Tumesikiliza dakika tatu za kiti.

Kikao. Takwimu ana dawa: tuweke vidole gumba vya kupongezana, nyota, na shindano la msemaji wa wiki. Nimesema nitafikiria. Kimya amesema "sawa", na mara hii nilitaka kumrushia kikombe.

Nyumbani mama mkwe amesikiliza kitabu kimya kimya jioni nzima, habishani nacho tena. Nilifurahia utulivu. Naandika hili ili nilikumbuke, kwa sababu nilifurahi kweli.

Ijumaa, 4 Aprili

Hili litachukua kurasa.

Leo niliketi na orodha ya sauti zote, moja baada ya nyingine, nikitafuta ni wapi watu walipokata tamaa. Kila sauti ina mistari miwili mbele yake: waliosikiliza wangapi, waliojibu wangapi. Nikafika namba thelathini na nane. Ya sura ya nne, pale kijana anaporudi baada ya miaka kumi na miwili, anabisha hodi, na mama yake hafungui. Dakika moja na sekunde arobaini. Waliosikiliza: hakuna. Waliojibu: hakuna. Imekaa siku kumi na moja. Nikavaa hedifoni nikaibonyeza.

"Mimi nadhani alimsikia," ilisema sauti ya mama mkwe wangu.

Alikuwa anazungumza ile sauti ya kazini, iliyonyooka, ambayo nyumbani kwangu haitumii. "Alijua ni mwanawe tangu hatua za uani. Hakufungua kwa sababu angefungua angemsamehe papo hapo, na ile hasira alikuwa ameizoea. Ilikuwa inamfanyia kazi za nyumbani, inamwamsha asubuhi. Mimi najua. Dada yangu nilimnyima mlango wangu miaka mitano kwa jambo ambalo leo silikumbuki vizuri. Nilitaka kuuliza wengine mliofika hapa: mnaonaje? Nasubiri."

Kisha sauti yake tena, ya chini zaidi: "Nasubiri."

Siku kumi na moja. Mimi naishi naye nyumba moja, nakunywa naye chai kila asubuhi, na chumba nilichokijenga mimi kimemwacha mlangoni. Nilivua hedifoni nikaenda kusimama dirishani mpaka uso ukae sawa.

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa. Nilimwambia nimeisikia. Hakuniuliza ipi.

"Nilidhani nimesema vibaya," alisema. "Halafu nikadhani hawapendi wazee. Halafu nikaacha."

"Mama, hukusema vibaya. Hakuna aliyeisikia kabisa."

"Hilo ndilo baya zaidi." Akajisogeza, akapiga piga kiti chake. "Kaa hapa. Shika simu yako. Sema jambo lako kwenye hicho kitu chako, kisha usiondoke mpaka nikwambie."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikakaa. Nikasema kuwa mimi siamini kama kuna mama asiyefungua mlango. Nikaachia kitufe. Mama mkwe akaanza kukunja nguo zilizokauka, moja moja, bila haraka, mvua ikipiga bati.

Dakika ya tatu nilianza kuichukia sauti yangu. Dakika ya nane nilikuwa najutia kila neno. Dakika ya kumi na tano nilikuwa nimewakasirikia watu nisiowajua hata mmoja. Ya ishirini aliweka shati la mwisho juu ya rundo.

"Mwaka wangu wa pili kazini," alisema, "niliipuuza taa moja dakika ishirini. Kila mtu akipiga simu, taa inawaka kwenye ubao, nami niliendelea na porojo zangu na mwenzangu. Msimamizi hakunifokea. Alinikalisha chumba cha pili na simu mkononi, akaniambia nisubiri kupokelewa. Dakika ishirini zile zile. Nilikiona cha mtema kuni. Baada ya hapo, miaka ishirini na tisa, mimi sijaacha taa inawaka. Taa ni mtu, mwanangu. Unaweza kumwambia laini ina shughuli, unaweza kumwambia mwenyewe hayupo, lakini kwanza unampokea."

Nilimwomba arudie. Nikachukua daftari hili hili nikaandika, naye akaniambia andika kwa mwandiko unaosomeka.

Jumatatu, 7 Aprili

Kikao saa tatu. Takwimu alikuwa amekwisha kuchapisha nyota zake kwa rangi.

Nilimwambia naomba kitu kimoja tu: aseme maoni yake kuhusu sura ya nne, kwenye programu, mbele yetu. Anapenda kuombwa maoni. Alizungumza karibu dakika mbili, na alizungumza vizuri. Kumbe kitabu amekisikiliza kweli. Akaachia kitufe akaweka simu mezani.

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri, bosi."

Watu wanane, meza moja, simu moja. Dakika ya kwanza alitabasamu. Ya pili alipanga kalamu. Ya tatu aliigeuza simu kuona kama imezimika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: dakika ya tano shingo yake ilikuwa inatoka jasho.

"Kwani hakuna mtu?"

"Watu wapo mia mbili. Hakuna aliyeambiwa kuwa unasubiri."

Nikaeleza. Kila sauti iwe taa. Taa iwake mbele ya wasikilizaji waliofika sura ile ile, na isizimike mpaka mtu mmoja aipokee kwa sauti yake. Ikishapokelewa ndipo mlango unafunguka, wengine wanaingia. Hakuna nyota, hakuna vidole, hakuna msemaji wa wiki.

Takwimu alisema hilo halina mfano popote. Nikasema lina mfano wa miaka thelathini na moja. Ndipo Kimya, ambaye sikumtegemea hata kwa salamu, akafungua kinywa: "Naweza kulijenga kwa siku tisa. Na bosi, ile dakika ya tano niliona huruma mpaka nikataka kukujibu mwenyewe."

Maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema mwaka huu. Takwimu ameturuhusu. Tarehe yake ya mwisho wa Mei haijasogea hata siku moja.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Kazi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kazi. Mama mkwe ameuliza taa itakuwa rangi gani. Nilisema bluu. Akasema bluu ni ya hospitali. Imekuwa njano.

Jumatano, 16 Aprili

Taa zimewashwa saa mbili asubuhi. Kufikia jioni zinawaka hamsini na tatu. Zilizopokelewa: sita.

Alhamisi, 17 Aprili

Zinawaka sabini na moja. Watu wanaziona zote zikiwa zimejaa skrini, wanaogopa, wanafunga. Kuna mmoja ameandika kwetu kulalamika kwamba anajisikia kama amefika kazini siku ya kwanza na bosi ameondoka. Maji yamenifika shingoni. Takwimu ameziacha zile nyota zake mezani kwangu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilipoamka mama mkwe alikuwa tayari kitini, mgongo wima, simu mbele yake juu ya kitambaa safi.

"Habari za asubuhi, nimekupokea," alikuwa anamwambia mtu asiyemjua. "Umesema huyu mama ana roho ya jiwe. Nimekusikia. Nawe je, uliwahi kufungiwa mlango?" Akagusa, akahamia taa nyingine. "Habari za asubuhi, nimekupokea."

Amepokea taa thelathini na moja kabla ya saa nane mchana. Nilimletea chai, nilimletea mto, nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokolewa. Nikamwambia, "Mama, ukiendelea hivi wiki zote tumeshinda."

Aliweka simu chini. Macho yake yote mawili yaliniangalia, lililopona na linalosubiri zamu yake.

"Mwanangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nikifa mtafanya nini? Opereta si wa kuzungumza na wapigaji. Kazi yake ni kuunganisha. Hawa watu nimewapokea kwa sababu nimewahurumia, lakini hawakunitafuta mimi. Walikuwa wanatafutana."

"Wanaziona taa na hawazipokei!"

"Umewasha taa sabini mbele ya mtu mmoja ambaye ana ndoo mkononi. Ningekuwa mimi ningekimbia. Sisi kila opereta alikuwa na ubao wake. Taa ikiwaka kwangu, nilijua ni yangu. Nisipoipokea mimi, hakuna mwingine."

Nilikuwa nimempa kila mtu kazi ya wote, na kazi ya wote haina mwenyewe.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimechora upya. Msikilizaji akimaliza sura, anaona taa moja. Moja tu. Na maneno, nimeyaandika mara kumi na saba mpaka yakawa mepesi: "Kuna mtu aliyefika hapa kabla yako. Anasubiri. Unaweza kumpokea?" Asipoweza, anasema siwezi, au akinyamaza saa moja, taa inakwenda kwa mwingine. Haimrudii kumsumbua.

Kimya amesoma mchoro wote. Amesema, "Hii ndiyo." Nimeanza kumwelewa. Kumbe ule mtazamo wake wa kusubiri nitoke ni wa kufikiri.

Ijumaa, 25 Aprili

Kimya bado anajenga. Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Mume wangu amerudi kwa siku mbili, amemkuta mama yake na mimi tunabishana juu ya sura ya tisa, akauliza chakula kiko wapi. Tulimwelekeza jikoni kwa pamoja.

Jumanne, 29 Aprili

Zimewashwa saa mbili asubuhi. Taa arobaini na nane.

Saa sita: thelathini.

Saa tisa: kumi na saba. Sijala.

Saa kumi na mbili: tano.

Jumatano, 30 Aprili

Sifuri.

Naandika tena kwa furaha tu: sifuri! Hakuna mtu hata mmoja anayesubiri. Saa nne na dakika ishirini asubuhi taa ya mwisho ilizimika, na Kimya alisimama, akazunguka meza, akanipa mkono kwa heshima zote kama tuko kwenye mahafali. Kisha tukaanza kusikiliza. Muuguzi aliyempokea mwashi. Mwanafunzi aliyepokewa na bibi mmoja, wakabishana kama mapenzi ya sura ya saba ni ya kweli au ni uvivu. Mtu aliyeanza "siwezi kuongea sana, nakaanga," akaongea dakika sita huku mafuta yakichachatika.

Na taa ya namba thelathini na nane, ile yenye siku thelathini na saba, imepokelewa na dereva wa lori.

"Mama, nimekupokea," amesema. "Niko kwenye foleni ya mizani, nina muda. Kwa heshima zote, umekosea. Huyu mama hakumsikia mwanawe. Wewe unampa akili yako. Wapo watu hawafungui kwa sababu wamelala tu."

Nilimpelekea nyumbani mbio. Alisikiliza mara tatu. Nilidhani ataumia.

"Amenibishia!" alisema, na uso wote ukafunguka. "Umemsikia? Eti wamelala! Lete hiyo simu, huyu hajui anachosema."

Walizungumza, kwa kupokezana, mpaka chakula kikapoa. Nilikula peke yangu na sikulalamika.

Jumatatu, 5 Mei

Sauti mia moja na tisa. Taa zisizopokelewa: hakuna.

Alhamisi, 8 Mei

Jicho la kushoto limefanyiwa upasuaji. Mume wangu amekuja. Mama mkwe alipozinduka aliuliza mambo mawili: la kwanza jicho, la pili dereva amesema nini.

Jumatatu, 12 Mei

Takwimu amenizunguka. Wikendi, bila kunigusia, ameagiza vidole gumba viwekwe kando ya taa, "kuongeza tu, hatuondoi kitu". Na kwa hesabu yake ni ushindi: vidole mia tatu na kumi kwa siku mbili. Amepita akinionyesha mchoro wa mstari unaopanda.

Nikamwonyesha mstari wa pili. Sauti: kutoka mia moja na tisa hadi kumi na nne. Mtu anasikia mwenzake anasubiri, anampa kidole, anaendelea na safari yake. Tulipandishiana sauti mbele ya kila mtu. Nilimwambia anaua kitu ambacho bado hajakielewa. Akasema tutaona mwisho wa mwezi nani haelewi. Nimerudi mezani. Nilianza kufungua mafaili ya majalada, kuona kama bado nayakumbuka.

Jumatano, 14 Mei

Saa tano Takwimu alikuja, akavuta kiti, akakaa kinyume nacho.

"Ile sauti yangu ya sura ya nne," alisema. "Nimeirudia Jumamosi. Nimeongeza na jambo la baba yangu. Sijamwambia mtu jambo lile."

Nikaweka kalamu chini.

"Nimepata vidole kumi na vinne." Alitazama mikono yake. "Hakuna aliyesema kitu."

Ningeweza kucheka, na Machi ningecheka. Lakini nilikuwa nakumbuka dakika zangu ishirini. Nikamuuliza kama anataka viondolewe.

"Leo," alisema. "Kabla ya saa nane."

Saa tisa taa yake ilimwangukia mtu fulani anayelinda ghala. Sikusikiliza walichosema. Niliona tu kwamba imezimika, na kwamba Takwimu alifunga mlango wa ofisi yake na hakutoka mpaka saa kumi na moja.

Jumatatu, 19 Mei

Sauti mia moja na hamsini. Nimegundua pia kwamba mmoja wa wazungumzaji wetu wakubwa kabisa ni Kimya. Amepokea taa arobaini na moja tangu mwezi uanze. Na jibu lake moja lina dakika saba! Nilipomwambia amesema "sawa", akainamia kompyuta yake.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zimekatika. Mama mkwe ameondoka leo na macho mawili mapya. Mlangoni alinitazama kwa muda, mara ya kwanza ananiona bila ukungu. "Kumbe wewe ni mwembamba hivi," alisema. "Na sauti yako yote ile inatoka wapi?" Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Machi nilihesabu siku za yeye kuondoka. Leo nimekaa kwenye kiti chake, nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi.

Ijumaa, 30 Mei

Kikao cha mwisho. Takwimu alisimama na karatasi moja tu.

"Kati ya watu mia mbili," alisoma, "waliozungumza ni mia moja sitini na watatu. Asilimia themanini na moja na nusu." Akaikunja karatasi. "Kinabaki. Kuanzia Juni kinafunguliwa kwa vitabu vyote na wasikilizaji wote. Na majalada tutamtafutia mtu mwingine, maana huyu hana nafasi tena."

Ofisi nzima ilipiga makofi. Nililia hadharani, nikajifuta kwa zile nyota zake za rangi zilizokuwa bado mezani kwangu, na yeye ndiye aliyecheka kwanza.

Kimya aliinua mkono. "Kuna tatizo," alisema.

Akageuza kompyuta. Watu tisini na wawili wamekwisha kumaliza riwaya. Sura ya mwisho imesomwa, hakuna kinachofuata, programu inawashukuru na kuwapendekezea kitabu kingine. Hawaendi. Wamebaki pale kwenye dakika ya mwisho, wanawashiana taa na kuzipokea, wengine tangu wiki iliyopita. Sauti ya karibuni ilikuwa ya yule muuguzi: "Jamani, mimi nimemaliza, lakini msifunge."

"Hatukujenga mahali pa kukaa baada ya mwisho," alisema Kimya.

Takwimu alitazama ile orodha, muda mrefu kwa mtu kama yeye. Nilijua anatafuta asilimia.

"Basi wajengeeni," alisema.

Nilitoka nje hadi uani, penye jua, nikampigia mama mkwe nimwambie tumeshinda. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Mara ya nne nikaacha, maana siku hizi yeye na yule dereva wa lori wanapigiana, nikarudi ndani huku nacheka peke yangu, nikavuta karatasi safi nikaanza kuchora.